Picha ya Saa Mbili

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, mwenzangu wa meza ya pili huchagua picha moja ya zamani kutoka maktaba ya gazeti letu, akaiweka mtandaoni, na chini yake akaandika swali lile lile: "Nani anapakumbuka hapa?" Kisha huchukua kikombe chake cha chai na kusubiri. Chumba kizima cha habari humwita Dada Picha. Mimi wananiita Mzee Nukta, kwa sababu ni msoma prufu na nimezeeka nikitafuta nukta ambazo wengine wamezisahau. Jina silipendi, lakini ukionyesha kulikasirikia jina la utani ndiyo umelipigilia misumari.

Dada Picha ana miaka arobaini na mitatu. Meza yake iko kando ya makabati ya chuma yaliyojaa picha, kila moja katika bahasha yake, mgongoni imeandikwa tarehe kwa penseli. Huzishika kwa glovu nyeupe za pamba. Ukitaka kuazima mkasi wake, unasaini daftari. Nilipomwambia nataka kuandika habari zake alinipa ruhusa kwa sharti moja, nisimfanye malaika, ndiyo maana nimeanza na mkasi.

Swali lile la asubuhi lilipata majibu mengi, na mengi yalikuwa porojo. Kuna waliosema enzi hizo zilikuwa raha, kuna waliosema siku hizi hapo ni benki, na kuna wale wasiokosekana popote, wanaouza dawa za nguvu. Lakini kulikuwa na mmoja aliyejiita Msomaji Mkaidi. Mahali pa sura yake aliweka uso wa saa ya ukutani. Huyu hakusifu wala hakucheka. Kila alichoandika kilianza na neno moja. "Sahihisho: picha hii haikupigwa mwaka mnaosema. Mwaka huo ukuta wa posta ulikuwa bado haujapakwa rangi." Au: "Sahihisho: aliyeshika baiskeli si karani, ni mpiga chapa." Dada Picha alishuka ghala la chini, akapekua madaftari, na kila mara akapanda ngazi akitikisa kichwa, kwa sababu Mkaidi alikuwa sahihi. Basi akamjibu kwa maneno yaliyowekwa na mhariri wetu, ambayo hatuna ruhusa ya kuyaongeza wala kuyapunguza: "Asante, msomaji wetu." Sheria ya Mhariri ni kwamba anayejibu kwa jina la gazeti hana jina lake, hana utani wake, na hana ugomvi wake.

Mimi nilimpenda huyo Mkaidi tangu mwanzo, kwa sababu za kikazi tu. Sikujua kwamba tulikuwa na mambo mengine mimi na yeye.

Asubuhi moja, yapata miaka sita kabla ya haya ninayosimulia, picha ilikuwa ya mtaa baada ya mvua. Barabara ina madimbwi, mwanamke ameinua sketi akivuka, na pembeni kuna duka dogo lenye mlango wazi. Aliyeandika maelezo zamani zile alisema ni duka la viatu. Dada Picha alijua kwamba si la viatu. Alikuwa amekulia mle ndani. Lakini aliyaacha maelezo kama yalivyo, sijui kwa nini, na yeye mwenyewe anasema hajui. Haikupita nusu saa.

"Sahihisho: duka la pembeni si la viatu, ni la saa. Saa iliyo juu ya mlango ilikwenda mbele dakika saba, na ilikuwa makusudi. Mwenye duka alisema mteja akiwahi hajamdhuru mtu."

Dada Picha alisimama, akaenda kunawa uso, akarudi na kola imelowa. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome.

"Mzee," akasema, "huyu ni kaka."

Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Baba yao alikuwa fundi saa. Duka lake liliitwa Saa Zote, chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na saa kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na mlio wake. Kaka alizaliwa na mke wa kwanza, aliyefariki mtoto akiwa na miaka saba. Baba akaoa tena, na huyo mke wa pili ndiye mama yake Dada Picha na mdogo wake wa kike. Kaka alianza kumwita Mama wiki ya kwanza, bila kufundishwa na mtu. Yeye ndiye aliyembeba Dada Picha mabegani kwenda shule, na ndiye aliyemfundisha kusoma saa kabla hajajua kusoma herufi. Watu wengi wa mtaani hawakujua nani amezaliwa na nani, na waliojua waliona haya kulitaja.

Baba alipofariki, tangazo lililetwa gazetini kwetu kama matangazo mengine. Dada Picha wakati ule alikuwa mpanga kurasa. Tulimwambia aende nyumbani, wenzake watalipanga, naye akakataa kata kata, kwamba baba yake hatapangwa na mtu mwingine. Sasa, sanduku la tangazo lina kipimo chake, na maneno ya tangazo hili yalizidi kwa mstari mmoja. Lazima mstari mmoja uondoke. Alikusudia kuuondoa wa binamu, maana binamu wenyewe wasingejali. Machozi yalikuwa yamemjaa, mkono ukateremka mstari mmoja zaidi, na uliofutika ukawa ule wenye jina la kaka. Juu palibaki pameandikwa kwamba marehemu ameacha watoto watatu. Chini palikuwa na majina mawili.

Ukurasa ukaja kwangu. Hapo ndipo ninapoingia mimi, na siingii kwa sifa. Niliusoma neno kwa neno. Nikakuta koma iliyopotea njia, nikaizungushia wino mwekundu, nikajiona mtu wa maana sana. Nilisoma herufi, sikuhesabu watu. Nikasaini.

Kaka alilisoma gazeti asubuhi ya mazishi, akiwa mlangoni anapokea wageni. Jirani mmoja alimpa huku akijifanya anampa pole. Maneno kwamba mama wa kambo amemfuta mtoto wa mwenzake yalikwisha kuzunguka mtaa kabla chai ya wageni haijachemka. Makaburini, watu wakitawanyika, Dada Picha alimfuata kaka yake akamshika mkono wa koti.

"Kaka, ni kosa. Naapa. Ni mkono wangu huu."

"Wewe?" Kaka akamtazama kama anayemwonea huruma. "Umeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Wewe hukosei, mdogo wangu. Mwambie mama yako nimeelewa."

Dada Picha ananiambia kwamba lililomkata maini ni hilo la mwisho. Tangu lini kaka akasema "mama yako"? Wiki ile ile akahama mji. Simu yake ikawa haipatikani, na barua mbili ambazo Dada Picha alimwandikia kupitia kazini kwake zilirudi na muhuri wa posta.

Mtauliza kwa nini hatukusahihisha. Kwetu sisi, kosa la habari tunalisahihisha wenyewe, lakini tangazo la familia linasahihishwa kwa ombi la familia, na aliyeleta tangazo lile alikuwa mama. Mama alikuwa amechoshwa na fitina. Alisema asirudishwe gazetini, tukinyamaza watu watasahau. Dada Picha hakuwa na uso wa kumlazimisha mjane. Na mimi nilinyamaza kwa sababu saini ilikuwa yangu, na kazi yangu nilikuwa bado naitaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa tangu tukiwa wadogo. Sisi tuliuangalia ufa ule miaka tisa. Dada Picha aliomba aondolewe kwenye kupanga kurasa, akapelekwa maktaba ya picha, na tangu hapo hajafuta mstari wa mtu.

Ndiyo maana siku ile kola yake ililowa. Tangu asubuhi ile, Picha ya Saa Mbili ilikuwa ya watu laki nne kwa hesabu ya mtandao, na ya mtu mmoja kwa hesabu yake. Alichagua picha akimfikiria yeye: uwanja wa mpira ambako kaka alivunjika kidole, kinyozi aliyemnyoa upande mmoja tu kwa sababu umeme ulikatika, lango la shule ya msingi. Na pale kaka alipokaa kimya siku nyingi, Dada Picha aliweka picha na mwaka wa uongo. Alijua atashindwa kuvumilia. Maelezo yale yalipitia kwangu kwanza, na mimi, Mzee Nukta, nikapitisha uongo kwa macho makavu, kwa sababu kufika saa tatu kasorobo ungekuta: "Sahihisho." Hapo angeandika "Asante, msomaji wetu," kisha angekaa dakika nzima mkono ukiwa bado juu ya kipanya.

"Si umwambie tu?" nilimuuliza mara moja.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemjua. Kwamba ni wewe."

"Kuwa ni mimi anajua, Mzee. Asichojua ni kwamba nimemjua." Akavua glovu moja, akaivaa tena. "Ndege akitua dirishani humpigii makofi."

Hata angetaka, asingeweza kumwambia pembeni, maana Mkaidi alikuwa amefunga mlango wa ujumbe wa faragha. Ungeweza kumsemesha hadharani tu, mbele ya laki nne na wauza dawa za nguvu. Basi wakaendelea hivyo, yeye na kaka yake, miaka sita, wakizungumza habari za kuta na baiskeli. Aliniambia wakati mwingine humkumbuka mpaka mabega yake yanamuuma, na nikamwambia mabega yaliyopaswa kuuma ni ya kaka, yeye ndiye aliyembeba. Alicheka, kisha akalia. Mimi utani wangu ndiyo huo, haujawahi kumsaidia mtu.

Kisha mtandao ule ukapata mmiliki mpya. Mimi mambo hayo siyapendi, lakini nitayaeleza kama nilivyoelezwa. Habari zetu zikaanza kusukumwa chini, ili yaje juu mambo ya watu wanaotukanana. Alama ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe ikawa inauzwa kama karanga. Mtu asiyejulikana akainunua, akafungua akaunti yenye jina la gazeti letu, na akatangaza kifo cha mwalimu mkuu mstaafu ambaye wakati huo alikuwa kwa kinyozi. Mwalimu alikuja ofisini na nusu ya ndevu kutuonyesha kwamba anapumua. Siku ile Mhariri alitukusanya.

"Tunahama," akasema. "Mwisho wa mwezi tunafunga kule."

Fundi mitambo wetu, mwanamke mwembamba anayezungumza na waya kuliko anavyozungumza na watu, alisimama kutueleza tunakokwenda.

"Kule tulikuwa wapangaji," alisema. "Mwenye nyumba akiamka vibaya, anahamisha mlango. Huku hakuna mwenye nyumba mmoja. Kila mtu ana seva yake, kompyuta ya kutunzia maandishi yake, au anakaa kwenye seva ya watu anaowaamini, na wote wanaonana na kuzungumza. Yetu itabeba jina la gazeti letu hasa. Hakuna wa kutuiga tena."

"Na wasomaji?" Dada Picha aliuliza kutoka nyuma.

"Watakaotaka watatufuata."

"Hawahami pamoja nasi?"

"Ukishakuwa ndani ya mtandao huu mpya, ukihama seva moja kwenda nyingine, wafuasi wako unahama nao. Lakini kutoka kule kwa bwana mkubwa, hapana. Kule unatoka na nguo ulizovaa."

Wengine walicheka. Mimi nilimtazama Dada Picha, naye alikuwa anatazama sakafu. Uzi wake wote ulikuwa kule, na ulikuwa unakatwa mwisho wa mwezi. Tulikuwa na siku kumi na nane.

Tangazo la kuhama liliwekwa siku hiyo hiyo, na lilirudiwa kila siku mara tatu. Fundi mitambo alisema mtandao ule haupendi watu wanaoaga, na kwamba huenda matangazo yetu hayaonekani kwa wengi. Lakini Mkaidi bila shaka aliliona, maana tangu siku ile akanyamaza. Dada Picha akaweka picha ya kinyozi tena, hakuna sahihisho. Akaweka ya lango la shule akaipa mwaka wa ovyo kabisa, mwaka ambao shule ilikuwa bado shamba la mihogo. Watu wengine kumi na wanne walimsahihisha. Mkaidi, kimya.

"Amechukia," alisema. "Anaona tunamfuta mara ya pili."

Nilikwenda nyumbani na neno hilo, na halikunipa raha. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na miaka tisa nilikuwa nalima kwa bidii. Lakini ugomvi ule haukuwa wao peke yao. Nilikuwa nimeutia saini.

Prufu zangu, zile kurasa za majaribio, huzitunza. Watu hunicheka kwa hilo. Kesho yake nilifungua kabati langu, nikatoa ule ukurasa, karatasi imegeuka rangi ya chai, koma yangu nyekundu bado inang'aa, na chini saini yangu imekunjwa kwa madaha. Nikaupeleka kwa Mhariri na kumsimulia yote, mpaka zile tarehe za uongo. Alisikiliza huku amekunja mikono. Tarehe za uongo zilimuudhi kuliko nilivyotarajia, na kuhusu hizo alinipa vipande vyangu, sivyo vya kuandika hapa. Kisha akarudi kwenye ukurasa, akahesabu majina kwa ncha ya kalamu. Moja, mbili.

"Kosa linasahihishwa pale lilipotokea," akasema mwishowe. "Ukurasa ule ule, ukubwa ule ule. Lakini nataka idhini ya aliyeleta tangazo."

Jumapili Dada Picha akaenda kwa mama. Sikuwepo, nasimulia alivyonisimulia. Mama sasa haoni vizuri. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwa vidole. Juu ya mlango wa sebule kuna saa ile ya dukani, bado inakwenda mbele dakika saba. Dada Picha akamweleza habari ya Mkaidi, miaka yote sita, ambayo alikuwa hajamwambia kamwe. Mama aliacha kuchambua.

"Yupo hai?"

"Yupo, mama. Kila asubuhi."

"Na wewe ukanificha?"

"Niliogopa kukupa kitu kisha kikaondoka."

Mama alizamisha vidole ndani ya mchele. "Nilidhani nikinyamaza watu watasahau," alisema. "Na kweli, watu wamesahau. Aliyebaki anakumbuka ni yeye tu. Mimi tangu siku ile ni 'mama yako'." Akarudia kuchambua, haraka kuliko mwanzo. "Andikeni. Na jina lake liwe la kwanza."

Masahihisho yalitoka siku ya mwisho ya mwezi, katika ukurasa wa matangazo ya vifo, ndani ya sanduku la kipimo kile kile. Aliyaandika Dada Picha. Mimi niliyasoma mara tisa, na safari hii nilihesabu.

"Katika tangazo la kifo cha fundi saa wa duka la Saa Zote, lililotoka katika ukurasa huu miaka tisa iliyopita, jina la mtoto wake wa kwanza liliachwa. Familia haikuliacha. Lilifutwa kwa makosa na mpanga kurasa wetu, ambaye pia ni binti wa marehemu, na likapitishwa na msoma prufu wetu, ambaye hakuhesabu. Marehemu aliacha watoto watatu." Chini yake yakafuata majina matatu, la kaka juu.

Saa mbili asubuhi Dada Picha aliyaweka maneno hayo hayo mtandaoni, kule kwa zamani na kule kupya, pamoja na picha ambayo haikutoka kwenye makabati ya gazeti. Ilitoka kwenye pochi yake. Fundi saa amesimama mlangoni na leso ya kufutia vioo begani. Mbele yake mvulana wa miaka kama kumi na miwili, mabegani amebeba kitoto cha kike kilichomshika masikio. Hakuuliza nani anapakumbuka hapa.

Saa tatu ikafika. Saa nne. Watu waliandika pole, wengine walimuuliza mpanga kurasa kama alifukuzwa kazi. Dada Picha hakwenda kunywa chai. Saa sita kamili fundi mitambo akaja, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Dada, nifunge?"

"Subiri dakika saba," Dada Picha akasema.

Fundi mitambo hakuelewa, lakini alisubiri. Zilipokwisha, akafunga. Kule kwa zamani yakabaki masahihisho peke yake na anwani yetu mpya, na hakuna aliyeweza tena kuandika chini yake.

Kule kupya mwanzoni kulikuwa kama kuhamia nyumba kabla mapazia hayajafika. Tulikuwa na wafuasi sitini na mmoja, nusu yao mafundi wanaosalimiana kwa habari za seva. Haki yake niitoe: hakukuwa na wauza dawa za nguvu, na ulichoandika kilimfikia aliyekufuata, kwa zamu yake, bila mtu wa katikati. Picha ya Saa Mbili ikaendelea, na tarehe zake sasa zilikuwa za kweli, kwa amri. Wasomaji wakaanza kuja mmoja mmoja, mwalimu mstaafu, mpiga chapa, mama wa duka la vitambaa.

Dada Picha alimtafuta kaka yake nyumba kwa nyumba. Nilimwona akifungua orodha za seva wakati wa chakula cha mchana, mkate mkononi: seva ya walimu, ya wapenda treni, ya watunza maua, ya watu wanaotengeneza redio kuukuu. Hii ya mwisho aliipekua siku mbili nzima. Kulikuwa na mafundi saa wanne mle, na alisoma maneno yao yote, hadi ya miaka ya nyuma, akisikiliza kama kuna anayesema kama kaka. Hakuwepo. Jioni akifunga kompyuta aliniaga kwa sauti ya kawaida, nami nilitamani aje hata anigombeze. Mama naye alikuwa anapiga simu kila saa tatu asubuhi. Haulizi jambo, anasema tu, "Haya, kazi njema," kisha anakata.

Wiki ya saba, siku ya Jumatano, nilikuwa nimeinamia ukurasa wa michezo nikasikia kikombe kinawekwa mezani vibaya. Dada Picha alikuwa amevua glovu zote mbili. Mtu alikuwa ameandika, na hakuandika chini ya picha ya siku hiyo, bali chini ya ile ya mwisho wa mwezi, ya mvulana aliyeshikwa masikio. Jina lake lilikuwa Mkaidi. Na baada ya jina, kwenye ile alama ya herufi a iliyozungushiwa mkia, pale panapoandikwa nyumba anayokaa mtu, palisomeka: saazote.

Tulimwita fundi mitambo. Aliinama, akabonyeza hapa na pale.

"Hii si seva ya watu wengi," alisema. "Ana yake mwenyewe. Mtu mmoja, nyumba nzima. Kaijenga kwa mkono wake huyu." Akabonyeza tena. "Na si ya jana. Imefunguliwa siku ya pili baada ya sisi kutangaza kuhama."

Kumbe hakuwa amechukia. Siku zile zote tulizomlilia alikuwa anajenga, na mlangoni akaandika jina la duka la baba yake, kila apitaye alione. Alichoandika chini ya masahihisho yetu kilikuwa maneno matatu, na yalimchukua wiki saba.

"Sina la kusahihisha."

Dada Picha aliandika, "Asante, msomaji wetu." Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kwa mazoea. Akayatazama maneno hayo. Akayafuta taratibu, herufi moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayejua kufuta kunaweza kufanya nini. Mhariri alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na alikuwa anaona vizuri kabisa. Dada Picha akaandika, "Asante, kaka," akayatuma. Mhariri akaingia ofisini akafunga mlango.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika moja. Simu ya mezani ikaanza kulia, na sote tulijua ni nani. Dada Picha aliinyanyua, lakini kabla hajasema kitu jibu lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kompyuta, akabaki na simu sikioni, akilisoma kwa sauti ili mama asikie:

"Mama hajambo?"